Tangi, Debe la Mchanga na Kompyuta ya Tetemeko

(Haya ni maneno yaliyosemwa kwenye semina ya vikundi vya kujisaidia. Msemaji ni mwalimu wa uinjinia. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukipunguza hapa na pale.)



Nimeitwa kujibu swali lililoletwa na vikundi viwili vinavyolipia vijana wao karo ya chuo. Vijana walirudi likizo wakasema kwamba muhula mzima wamekuwa wakijifunza programu ya kompyuta ya kuigiza tetemeko la ardhi. Wazazi wakashangaa. Kikundi kimeuza mbuzi, kimechanga kila Alhamisi ili mtoto ajue kujenga daraja na zahanati, halafu yeye anashinda mbele ya kompyuta akitikisa nyumba ambayo haipo! Swali hilo ni la haki. Lakini nyuma yake liko swali lingine ambalo hamkuliuliza, na mimi naona ndilo zito zaidi. Siku kijana huyo, au injinia mwingine yeyote, atakapowaletea karatasi yenye rangi nzuri kutoka kwa kompyuta na kuwaambia, "Jengo lenu ni salama," mtajuaje kama karatasi hiyo inasema kweli?

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Nimesikia mtu hapa akisema Kenya hakuna matetemeko. Yapo. Tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7, na ardhi ikapasuka kwa kilomita nyingi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa majirani zetu, Toro ya Uganda ilipigwa Februari 1994, na Kagera ya Tanzania tarehe 10 Septemba 2016, ambapo watu walikufa na nyumba nyingi sana kule Bukoba zikabomoka au kupata nyufa. Serikali yetu yenyewe ilikwisha kutoa kanuni za kujenga kwa kufikiria tetemeko tangu 1973. Shida ni kwamba kwetu tetemeko kubwa huja mara chache. Anayekumbuka amekwisha kufa, na anayejenga leo hakusimuliwa. Lakini ukuta unaoujenga leo unataka usimame miaka 50 au zaidi, na miaka hiyo ni mingi.

Sasa tuje kwa hiyo kompyuta.

Mmewahi kumwona mpimaji akipima shamba lisilo na umbo, lenye mto upande mmoja na kona sita upande wa pili? Hana hesabu ya umbo kama hilo. Anachofanya ni kuligawa kwa pembetatu. Pembetatu moja anaijua kuipima. Anazipima zote, anajumlisha, na shamba limepimika. Uinjinia nao ulifika hapo hapo. Mwaka 1956 mainjinia wanne wa Marekani, akiwemo Profesa Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliandika jinsi ya kukokotoa ugumu wa bawa la ndege kwa kuligawa vipande vidogo, pamoja na pembetatu. Mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina linalotumika mpaka leo. Kila kipande huitwa elementi, na pembe ambapo vipande hukutana huitwa nodi. Unajua kipande kimoja kikisukumwa kinasogea kiasi gani. Unaviunganisha kwenye nodi, kwa sababu jirani hawezi kusogea bila kumvuta jirani yake, na kompyuta inatafuta mahali ambapo kila nodi itatulia. Vipande vikiwa elfu kumi, mtu hawezi kumaliza hesabu hiyo kwa maisha yake. Kompyuta inaweza. Hiyo ndiyo kazi yake yote, hakuna uganga mwingine ndani.

Programu wanayojifunza vijana wenu inaitwa OpenSees. Msingi wake ni kazi ya Frank McKenna, aliyoimaliza pale Berkeley mwaka 1997 kwa shahada ya udaktari, akiwa pamoja na Profesa Gregory Fenves. Kituo cha utafiti wa matetemeko kilichoko huko California kikaikuza. Watu wa vyuo vingine wakaongeza: wengine wakaleta hesabu za udongo, wengine za chuma, wengine za madaraja. Inatolewa bure kwa kujifunza na kwa utafiti, na mtu anaweza kufungua ndani akasoma jinsi hesabu zilivyoandikwa. Hili la bure msilipite haraka. Programu nyingine za namna hii huuzwa kwa bei ambayo chuo kidogo hakiigusi. Hii, kijana wa huku anapata ile ile anayotumia profesa wa California.

Ila bure haimaanishi rahisi. Ukiifungua huoni picha ya nyumba wala kalamu ya kuchorea. Unaona mahali pa kuandika maneno, basi. Unaandika: hapa pana nodi, na hapa nyingine, kati yake pana nguzo, nguzo ni ya chuma cha aina hii, chini imefungwa isisogee. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Tcl. Tangu 2018 inawezekana pia kwa lugha iitwayo Python, ambayo vijana wengi huijua kutoka masomo mengine. Ukisahau nodi moja, programu inakataa, au mbaya zaidi, inakubali na kukupa jibu la nyumba nyingine ambayo hukuikusudia.

Kwa hiyo mwanafunzi haanzi na ghorofa. Anaanza na kitu ambacho kila kikundi hapa kinakijua: tangi la maji juu ya nguzo.

Chukua tangi la lita 10,000. Likijaa, maji yake ni tani 10. Tusahau kwa sasa uzito wa tangi lenyewe na jinsi maji yanavyocheza ndani. Fikiria umefunga kamba kule juu ukavuta kwa upande, kwa nguvu sawa na uzito wa tani moja, na juu pakasogea sentimita moja. (Msiende kujaribu nyumbani, ninazungumza hesabu.) Kamba ikikatika ghafula, tangi litayumba kwenda na kurudi. Litachukua muda gani kwa kila yumbo? Hesabu ya mkono inatosha kwenye mistari miwili. Nguvu ya tani moja kwa sentimita ni kama kilonewton 1,000 kwa mita. Gawanya tani 10 kwa 1,000 upate 0.01; kipeuo chake cha pili ni 0.1, zidisha kwa 6.28. Jibu ni sekunde 0.63. Yaani kwa sekunde 10 tangi litayumba kama mara 16. Maji yakipungua hadi robo, muda unakuwa nusu, na litayumba mara 32 kwa sekunde zile zile. Tangi ni moja na nguzo ni moja, lakini kwa tetemeko hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mwanafunzi anaandika tangi hilo kwenye programu na kuangalia kama litasema 0.63. Likisema hivyo, ana ruhusa ya kwenda hatua inayofuata. Lisiposema, hana.

Na hapa ndipo wengi hukwama, maana programu hii haijui kilo wala tani, wala mita wala inchi. Inajua namba tupu. Ni wewe unayepaswa kuchagua vipimo na kutovichanganya. Mwanafunzi akiandika nguvu kwa kilonewton lakini uzito akaweka 10,000 kwa sababu anafikiria kilo, programu haitalalamika hata kidogo. Itamwambia kwamba tangi linayumba mara moja kwa sekunde 20, kama mzee anayesinzia kanisani. Aliyefanya hesabu ya mkono atacheka na kurekebisha. Asiyeifanya ataendelea, atatikisa tangi lake la usingizi kwa tetemeko, ataona halivunjiki, na ataandika ripoti kwamba tangi ni imara. Ripoti itachapwa vizuri. Itakuwa na rangi.

Baada ya tangi kukubali, analetewa tetemeko lenyewe. Si la kubuni. Ni la kweli, lililopimwa na chombo. Moja ambalo karibu kila mwanafunzi duniani hulipitia ni la El Centro, California, la tarehe 18 Mei 1940. Chombo kiliandika jinsi ardhi ilivyosukumwa huku na huku, sekunde kwa sekunde, na mahali pa juu kabisa msukumo wa upande ulifika karibu theluthi moja ya uzito wa kitu. Kwa tangi letu lililojaa, lau nguzo ingekuwa ngumu kama mwamba, huo ni msukumo wa upande wa kama tani 3. Lakini nguzo si mwamba, inayumba. Yumbo lake likipatana na yumbo la ardhi, msukumo unaongezeka, hata kufika mara mbili. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukipatia wakati, nguvu kidogo inampeleka juu sana. Kutafuta huko kupatana ndiyo kazi inayomweka kijana wenu macho usiku.

Halafu inakuja nguzo ya konkriti. Hapa nataka mafundi wanisikilize vizuri.

Ukikata muwa unaona nyuzi nyingi zimesimama pamoja. Programu hii huikata nguzo vivyo hivyo. Inaigawa kwa nyuzi: nyuzi za chuma, nyuzi za konkriti ya nje, na nyuzi za konkriti ya ndani iliyozungukwa na ringi. Kila uzi una tabia yake. Konkriti ya nje ikibanwa sana hupasuka na kuanguka. Konkriti ya ndani, ikiwa ringi zimekaribiana na zimefungwa sawasawa, haina pa kukimbilia, kwa hiyo huendelea kubeba mzigo hata ikiwa imepondeka. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama jengo litainama na watu wakatoka, au litashuka kwa mara moja. Kwenye tetemeko kubwa hatutegemei nguzo isidhurike. Tunategemea idhurike polepole bila kuacha kubeba.

Sasa, uimara wa zile nyuzi za ndani hupatikana kwa hesabu, na ndani ya hesabu hiyo kuna nafasi kati ya ringi na ringi. Mwanafunzi anasoma mchoro: ringi kila sentimita 15. Anaandika 15. Kompyuta inaamini 15. Kule kwenye mjengo, waya ya kufungia imepungua, fundi ana haraka ya kwenda matanga, ringi zimewekwa kila sentimita 30, na ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani ya konkriti ya katikati. Konkriti inamwagwa saa kumi jioni, na toka saa hiyo hakuna mtu atakayeona tena. Kompyuta haitakuja kuona. Nguzo iliyo ndani ya kompyuta na nguzo iliyo kwenye uwanja wenu zimekuwa nguzo mbili, na mwenye kuzifanya kuwa moja ni yule aliyehesabu ringi kabla ya konkriti. Kamati ya ujenzi ina uwezo huo, tena bila shahada yoyote. Unahitaji futi kamba na moyo wa kumwambia fundi asimame kidogo.

Kuna jambo jingine la kijana na programu yake ambalo wazazi wanafaa kulijua, kwa sababu linamhusu tabia zaidi ya akili. Nguzo inapoanza kupasuka, hesabu haitoki mara moja. Kompyuta inakisia, inaangalia kama nguvu zimelingana kwa kila nodi, inasahihisha, inakisia tena. Ikishindwa, inaandika kwamba jibu halikupatikana na inasimama. Hii hutokea mara nyingi, hata saa tano za usiku siku moja kabla ya kutoa kazi. Sasa pana dawa ya haraka: kiko kipimo cha kusema "tofauti ya kiasi hiki naikubali", na mwanafunzi anaweza kukilegeza. Akikilegeza vya kutosha, kila kitu hupita. Ninyi mnaopeleka chai au maziwa mnajua mizani iliyolegezwa ni kitu gani. Dawa ya kweli huwa ni kupunguza hatua ya wakati, kubadilisha njia ya kutafuta jibu, na kwanza kabisa kujiuliza kama labda nyumba yenyewe imeanguka na kompyuta ilikuwa ikijaribu kukuambia. Mimi mwanafunzi akiniletea kazi iliyopita bila kusimama hata mara moja, ndipo namuuliza maswali mengi zaidi.

Haya, tushuke chini kwenye udongo. Programu hii ina sehemu ya udongo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayowafaa zaidi.

Mwaka 1985, tarehe 19 Septemba, tetemeko la ukubwa wa karibu 8 lilitokea kwenye pwani ya Meksiko, upande wa bahari ya Pasifiki. Jiji kuu la nchi hiyo liko zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Kwa umbali huo ungetegemea vikombe vitikisike kabatini. Badala yake majengo mengi yalianguka, na maelfu ya watu wakafa. Lakini hayakuanguka kila mahali. Yalianguka zaidi sehemu iliyojengwa juu ya ziwa la zamani, ambapo chini kuna udongo laini sana wenye maji. Sehemu za mji zilizo juu ya mwamba zilitikisika kidogo tu.

Sababu yake mnaweza kuikokotoa kwa mkono. Chukua kina cha udongo laini, kama mita 40 mahali pengine pale mjini. Zidisha kwa 4, ni 160. Gawanya kwa mwendo wa wimbi linalotikisa udongo kwa upande, ambao kwa udongo ule ni kama mita 80 kwa sekunde. Unapata sekunde 2. Huo ndio muda ambao udongo wenyewe hupenda kuyumba, kama tangi letu linavyopenda sekunde 0.63. Chombo kilichokuwa pale kiliandika mtikisiko wa sekunde 2, ukirudi na kurudi. Majengo yaliyoumia zaidi ni ya kati, kama ghorofa 6 hadi 15. Hayo yakianza kupasuka huyumba polepole zaidi, yakaisogelea hiyo sekunde 2, na bembea ikapata msukumaji wake. Nyumba za chini na baadhi ya majumba marefu sana zilisalimika zaidi.

Kwa hiyo kijana wenu anapojifunza kuandika nguzo ya udongo kwenye kompyuta, mita baada ya mita kutoka mwamba mpaka juu, anajifunza kuuliza udongo wenu unapenda kuyumba vipi. Vipande vyake lazima viwe vidogo vya kutosha. Kama wimbi linakwenda mita 150 kwa sekunde na linatikisika mara 10 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 15, na anahitaji kama vipande 8 au 10 ndani yake, yaani kila kipande kama mita moja na nusu. Akiweka vipande vya mita 10, wimbi litapita bila kompyuta kulihisi. Pia lazima aangalie kingo. Udongo wa kompyuta una mwisho, kama maji ndani ya karai. Ukipiga maji katikati ya karai, wimbi linagonga ukingo na kurudi. Ardhi ya kweli haina ukingo huo, wimbi huenda zake. Basi pembeni na chini huwekwa kitu cha kumeza wimbi, kama godoro. Asiyekiweka atatikisa jengo lake kwa mwangwi.

Nimeona hapa vikundi vitatu vya mabwawa ya udongo. Nanyi nina jambo lenu. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko lilipiga San Fernando, karibu na Los Angeles. Palikuwa na bwawa la udongo lililojengwa zamani kwa kusukuma mchanga na matope kwa maji, kisha kuacha vitulie. Upande wake wa ndani uliporomoka majini, pamoja na kilele cha ukuta. Ukingo uliobaki juu ya maji ulikuwa kama mita moja na nusu tu, tena wa udongo uliopasukapasuka. Watu wapatao 80,000 walioishi chini yake walihamishwa mpaka maji yakapunguzwa. Wachunguzi walipofuatilia wakaona kwamba ukuta haukuporomoka wakati wa mtikisiko mkali. Uliporomoka muda mfupi baada ya mtikisiko kupungua.

Hapo ndipo programu ya udongo inapotofautiana na ile ya nguzo peke yake. Mchanga mlegevu ulioloa ni punje zinazoegemeana, na kati yake maji. Ukitikiswa, punje zinataka kujipanga na kubanana. Maji hayana nafasi ya kutoka upesi, kwa hiyo yanaanza kubeba mzigo ambao punje zilikuwa zikibeba. Yakiubeba wote, punje zimeachana, na mchanga umekuwa uji. Kule Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, majengo ya ghorofa yaliinama na moja likalala kabisa, kuta zake hazijavunjika. Ardhi ndiyo iliyoyaacha. Watu wa chuo kikuu cha California kule San Diego waliongeza ndani ya OpenSees hesabu za mchanga wa namna hiyo, ambazo hufuata msukumo wa maji kati ya punje kila sehemu ya sekunde. Ni hesabu ngumu. Zinataka namba nyingi kuhusu mchanga wenyewe: umebanana kiasi gani, maji hupita kwa kasi gani, uzito wake. Namba hizo hazipatikani kwenye kompyuta. Zinapatikana kwa kuchimba.

Na sasa narudi kwa ile karatasi ya rangi. Kamati moja, nisiitaje, ilinionyesha karatasi kama hiyo ya jengo lao la ghorofa tatu. Buluu, kijani, wekundu kidogo kwenye kona. Nikauliza udongo ulichimbwa wapi. Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuja na jembe wala chombo. Namba za udongo zilitolewa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kinazungumza juu ya udongo mwekundu mgumu, wakati wao wamekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Kompyuta haikusema uongo. Ilijibu vizuri kabisa juu ya uwanja ambao si wao.

Kwa hiyo mkiletewa karatasi, msianze na rangi. Ombeni kuonyeshwa shimo. Ulizeni lilikuwa na kina gani, na maji yalionekana kwa kina gani, na nani aliandika. Kisha ulizeni hesabu ya mkono iko ukurasa gani. Injinia mzuri hatakasirika, atafurahi kwamba kuna mtu anauliza. Ulizeni pia jengo limetikiswa kwa matetemeko mangapi. Moja halitoshi, kwa sababu kila tetemeko lina yumbo lake, na jengo linaweza kupona kwa hili likafa kwa lile. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, huruhusu kuchukua wastani ikiwa umetumia 7 au zaidi. Akisema "moja, la El Centro," mwambieni kwa heshima kwamba hilo ni la kujifunzia.

Nisiwapotoshe lakini. Kwa darasa la mawe la chini lenye mabati, hamhitaji OpenSees, na anayetaka kuwatoza pesa kwa sababu hiyo mkataeni. Darasa hilo linahitaji msingi uliofika kwenye udongo mgumu, kona zilizoshikana, na mkanda wa konkriti wenye chuma unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha bila kukatika. Hayo yanajulikana, fundi mzuri anayajua. Programu ina kazi yake kwenye tangi refu, daraja, hospitali ya ghorofa, bwawa lenye watu chini yake. Ndiyo maana nasema kijana anayejifunza hivi hapotezi karo yenu. Katika nchi yenye Bonde la Ufa katikati yake, wanaoweza kukokotoa kitakachotokea baada ya nguzo kupasuka bado hawatoshi.

Mama mmoja ameuliza kabla sijasimama kama ni lazima mnunue kompyuta kubwa. Hapana. Tangi letu humalizika kabla hujafumba jicho, hata kwenye kompyuta ya kawaida iliyotumika. Fremu ya ghorofa tatu ni dakika chache. Bwawa zima lenye mchanga na maji linaweza kuchukua saa nyingi, lakini hilo atalifanya chuoni. Kwa mwaka wa kwanza anunuliwe daftari nene la hesabu za mkono, na muwe mnalitazama akija likizo. Likiwa tupu, muulizeni.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya chai naomba tutoke nje. Vijana wameniwekea debe la mchanga wa mto pale karibu na bomba, nimelijaza maji mpaka yakaonekana juu, halafu nikayapunguza kidogo. Juu yake nimeweka tofali limesimama wima. Mtu mmoja asimame juu ya mchanga upande mwingine kwa mguu mmoja, aone ulivyo mgumu. Kisha watu wawili waanze kugonga debe ubavuni kwa nyundo ya mti, taratibu bila kuacha, na ninyi wa mabwawa mkae mbele mtazame maji yanatokea wapi.